Sakafu ya Gari la Zamani na Rangi ya Kuzuia Kutu

Sakafu ya gari la zamani mara nyingi huanza kuoza kutoka juu. Mwenye gari huinama, akamulika uvunguni kwa tochi, akaona bati jeusi lililopakwa lami, akaridhika. Kumbe maji yaliyopenya kwenye mpira uliokauka wa kioo cha mbele yamekaa miezi chini ya kapeti, pale dereva anapoweka visigino, yakila bati polepole. Siku kapeti inapoinuliwa, chuma hutoka nayo kwa magamba. Hapo ndipo rangi hutafutwa, na mwenye gari huuliza kama ipo ya kupaka juu ya kutu hiyo ikakoma. Zipo rangi zinazoichelewesha kutu miaka mingi. Hakuna hata moja inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Ugumu wote wa kazi hii ni kujua bati lililo mbele ya fundi bado ni la kupakwa au limeshakuwa la kukatwa.

Uzito wa swali hilo hutegemea muundo wa gari. Sakafu ya Volkswagen Beetle ni kiungo kinachojitegemea: mabati mawili, la kushoto na la kulia, yamechomelewa kwenye mhimili wa katikati ulio kama handaki, na mwili wa gari umefungwa juu yake kwa bolti, mpira ukiwa katikati. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na asidi inayomwagika hapo huifanya kona hiyo itoboke mapema. Peugeot 504 na Datsun 1200 hazina fremu ya peke yake. Sakafu, kingo za chini ya milango na nguzo za mwili zote hushikana kubeba uzito, kwa hiyo sakafu ikilegea hata milango huanza kugoma kufunga. Land Rover za Series zina fremu ya chuma na mwili ambao sehemu kubwa yake ni aloi ya alumini, lakini ukuta unaotenga injini na abiria, pamoja na mashimo ya miguu, ni wa chuma na huoza. Tena pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na unyevu, alumini ndiyo huliwa, ikageuka unga mweupe kandokando ya bolti.

Magari hayo yana historia Afrika Mashariki. Beetle ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena 1978. Tangu 1970 Nairobi huwa na maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, si mbali na mtaa wa Kibera, na tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic Rally. Upande wa pili, kanuni ya ukaguzi KS 1515 huzuia kuingiza Kenya gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Kwa hiyo Beetle au 504 iliyopo Nairobi ikishakatwakatwa kuwa chuma chakavu, nyingine haitashushwa kwa urahisi bandarini Mombasa. Hilo peke yake linatosha kufanya sakafu ya gari la mwaka 1968 istahili siku kadhaa za kazi makini.

Kazi yenyewe hufanywa zaidi kwenye gereji za jua kali, zikiwemo za mtaa wa Kawangware na za kandokando ya Kibera, ambako gari hukaa nje au chini ya kibanda cha mabati, vumbi la barabara likipita, umeme ukikatika, mvua ikija bila taarifa. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye mikebe ya rangi yaliandikwa kwa ajili ya chumba kilichofungwa chenye joto la kudumu. Fundi wa hapa hawezi kuyafuata neno kwa neno, na ndiyo sababu ni lazima aelewe kwa nini kila hatua ipo, ili ajue ipi inaweza kubadilishwa na ipi haibadiliki.

Mwenendo wa kutu unaweza kusomwa juu ya paa za Soweto East, kijiji kimojawapo cha Kibera. Nyumba nyingi za Kibera ni za mabati. Bati la paa haliozi kote kwa pamoja. Kutu huanza kwenye matundu ya misumari, kwenye kingo zilizokatwa, na zaidi ya yote mahali mabati mawili yanapolaliana. Misumari na mkato huondoa ngozi ya zinki inayokinga chuma. Kwenye malaliano maji hunyonywa kwenye upenyo mwembamba na kubaki humo hata baada ya jua kukausha paa lote. Sakafu ya gari imejaa malaliano ya namna hiyo: bati la sakafu limelazwa juu ya ukingo wa mlango, mabano ya kiti yamechomelewa juu ya sakafu, na kwenye Beetle mwili mzima umelala juu ya ukingo wa sakafu. Fundi anayepaka uwanja mpana wa katikati akaacha malaliano amepaka mahali pasipo na ugonjwa.

Kinachotokea ndani ya upenyo huo ni cha kikemia. Chuma kikiwa na maji na oksijeni, sehemu moja yake hupoteza elektroni na kuyeyuka, na elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine ambako oksijeni na maji huzipokea. Sehemu inayoyeyuka huitwa anodi, ile nyingine kathodi. Mahali palipofunikwa, penye maji lakini pana oksijeni kidogo, ndipo huwa anodi. Palipo wazi huwa kathodi. Ndiyo maana chini ya kapeti iliyolowa, au chini ya ganda la lami lililopasuka, chuma huliwa kwa kasi kuliko pale panapopigwa na upepo. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, kuanzia mara 2 hadi zaidi ya mara 6, na kwa kuvimba huko hutanua malaliano na kuinua rangi iliyo juu yake. Tena kutu yenyewe ni kama sifongo: hushika maji na kuyahifadhi. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 60, inaendelea hata bila mvua.

Viwango vya kimataifa vinasaidia kupima muda. Jedwali la ISO 9223 linaweka mazingira ya ukali mdogo katika daraja ambamo chuma tupu hupoteza kati ya mikroni 1.3 na 25 katika mwaka wa kwanza, na mazingira makali ya pwani na viwanda kati ya mikroni 50 na 200. Bati la sakafu la magari mengi madogo lina unene wa karibu milimita 1, yaani mikroni 1,000. Kwa kasi ya mikroni 25 kwa mwaka upande mmoja lingedumu miaka 40. Kwa mikroni 200 lingekwisha katika miaka 5. Gari lililoishi Mombasa kabla ya kuletwa Nairobi linafaa kukaguliwa kwa hesabu ya pili. Hata gari lililozaliwa na kukulia Nairobi, ikiwa kapeti yake imelowa misimu kadhaa ya mvua za masika, sakafu yake haikuishi katika hewa ya Nairobi. Iliishi ndani ya kitambaa chenye maji.

Ukaguzi hauna njia ya mkato. Viti hutolewa, kapeti hutolewa, na yale matandiko ya lami ambayo viwanda vilibandika sakafuni kupunguza kelele hung'olewa pia, maana maji hupenda kukaa chini yake. Matandiko hayo hutoka kwa patasi na moto mdogo, na kwenye Beetle moto huo uwe mbali na mhimili wa katikati, kwa kuwa bomba la petroli hupita ndani yake. Halafu fundi huchukua nyundo ndogo na bisibisi. Bati zima likigongwa hulia. Lililooza hutoa sauti butu, kama kadibodi iliyolowa. Bisibisi husukumwa kwa nguvu ya mkono kwenye kila doa jeusi, hasa pembeni na kuzunguka bolti za viti. Ikizama, hapo hapana tena suala la rangi. Mtu mmoja akiwa ndani na mwingine uvunguni na tochi wakati wa jioni, matundu yanayopitisha nuru huhesabika moja moja, na kila tundu la ukubwa wa kichwa cha pini huwa na bati jembamba limelizunguka, pana kuliko tundu lenyewe.

Bolti za viti zinahitaji ukali wa pekee. Kenya ilianza kusimamia mikanda ya usalama kwa nguvu mwaka 2004, wakati wa kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki, na tangu hapo magari mengi ya zamani yaliyozaliwa bila mikanda yamefungwa mikanda. Mkanda ulioshikizwa kwenye sakafu iliyooza hung'oka na kipande cha bati siku ya ajali. Hakuna rangi, fila wala nyuzi za fibaglasi zinazokubalika mahali hapo. Ni chuma kipya, kilichochomelewa kwenye chuma kizima.

Kiraka nacho kina masharti. Bati la paa halifai, ingawa ndilo lililo karibu: mabati ya paa ya geji 30 au 32 ni membamba, kama thuluthi moja ya unene wa sakafu, na zinki iliyomo hutoa moshi mweupe ikichomwa, moshi unaomletea fundi homa na baridi jioni hiyo. Bati linalofaa ni jeusi, lisilo na zinki, la geji 18 au 20. Uchomeleaji wa umeme kwa vijiti, ule unaotengeneza mageti na madirisha, hutoboa bati jembamba kama hilo. Mafundi wa bodi wamezoea gesi, ambayo hushika vizuri lakini hupinda bati kwa joto. Mashine ya waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo bora, na gereji isiyo nayo hupata kazi nzuri kwa kushona nukta fupifupi na kuacha bati lipoe kati ya nukta moja na nyingine. Joto huunguza rangi ya upande wa pili wa bati, kwa hiyo uchomeleaji wote humalizika kabla mkebe wa rangi haujafunguliwa. Kulehemu kwa shaba hukubaliwa na wengi, lakini dawa inayoyeyusha shaba hubaki pembeni mwa mshono na kula chuma isiposuguliwa kwa maji ya moto na brashi.

Fila haina nafasi kwenye sakafu. Hunyonya unyevu, na chini yake kutu hufanya kazi bila kuonekana mpaka kiraka kizima kidondoke barabarani.

Baada ya chuma, usafi. Hapa ndipo kazi nyingi zilizoharibika ziliharibikia, na rangi ikabeba lawama. Udongo huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu chumvi na tope vikifunikwa na rangi huvuta maji kupitia rangi hiyo na kuifanya ivimbe malengelenge. Kona ya betri hutulizwa asidi kwa magadi. Yale yanayotoka Ziwa Magadi, ambayo kampuni imeyachimba tangu 1911, yanafaa, mradi yasafishwe baadaye kwa maji mengi, maana magadi ya asili huja na chumvi yake. Mafuta na nta hufutwa kwa thina na kitambaa safi, na kitambaa hubadilishwa mara kwa mara. Kitambaa kimoja kikitumika sakafu nzima, husambaza mafuta badala ya kuyaondoa.

Kisha huja grinda yenye brashi ya waya, na pamoja nayo udanganyifu unaowanasa hata mafundi wenye uzoefu. Brashi inayozunguka kwa kasi haiondoi kutu iliyo ndani ya vishimo; huisugua mpaka ing'ae. Bati huonekana la fedha, zuri, tayari. Tochi ya simu ikilazwa karibu na bati ili nuru ipite kiubavu, vishimo hujitokeza kama nukta za kahawia iliyokolea, kila moja ikiwa na kutu iliyokandamizwa chini. Msasa mgumu wa namba 60 au 80, au diski ya kukwangua, hufungua vishimo hivyo na pia huacha mikwaruzo ambayo rangi itaishika. Kiwango cha ISO 8501-1, kilichojengwa juu ya picha za Wasweden za SIS 05 5900, huita usafi wa mikono na mashine daraja St 2 na St 3, na ule wa kupuliza mchanga daraja Sa 2½. Mkebe unaodai Sa 2½ unasema kwamba rangi yake haikutengenezwa kwa ajili ya bati lililosuguliwa kwa brashi. Kupuliza mchanga hufanya kazi safi, lakini hupinda bati jembamba, na mchanga wa kawaida wa mtoni hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu moja kwa moja. Kwa sakafu ya gari, katika gereji ya wazi yenye majirani mlango kwa mlango, afadhali jasho la msasa.

Kutu iliyobaki ndani ya vishimo hutibiwa kwa kemikali. Asidi ya fosfori hugeuza kutu nyembamba kuwa fosfati ya chuma, ganda la kijivu lisiloyeyuka. Asidi ya tanini huigeuza kuwa mchanganyiko mweusi wa samawati unaoshikamana na bati. Tanini si mgeni katika nchi hizi: magome ya miwati yalikamuliwa kwa ajili ya kuandalia ngozi kwenye viwanda vya Eldoret na Njombe, na wino mweusi unaozaliwa tanini inapokutana na chuma ni jambo la kale. Dawa hizi mbili hufanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshikamana tu. Zikimwagwa juu ya magamba, hugeuza uso wa juu na kuacha kiini kikiwa kama kilivyokuwa. Asidi iliyozidi nayo isiposuguliwa na kukaushwa huzuia rangi kukauka.

Katika rangi zenyewe, inayojulikana zaidi Nairobi ni redi oksaidi, ile nyekundu inayotangulia kwenye mageti na fremu za madirisha. Rangi yake hutokana na oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe, isiyoweza kuoza tena kwa kuwa imeshaoza. Ni rahisi, hukauka upesi, na kwa geti linaloweza kupakwa upya kila baada ya miaka michache inatosha. Kwa sakafu ya gari ina kasoro mbili. Ina vinyweleo, hivyo ikiachwa bila rangi ya juu hupitisha maji. Na wekundu wake huficha kutu mpya, kiasi kwamba mwenye gari hajui lini rangi imeshindwa. Akiitumia kwa kukosa nyingine, aifunike kwa tabaka mbili za rangi ya mafuta ya rangi nyepesi, kijivu au malai, ambamo doa la kutu litaonekana mapema.

Kundi la pili ni poliyurethani inayokauka kwa unyevu wa hewa, ambayo POR-15 ndiyo maarufu duniani kati ya wenye magari ya zamani. Jina lake kwa Kiingereza ni kifupi cha maneno yanayomaanisha rangi ya kupaka juu ya kutu, na hapo ndipo watu hupotoka. Rangi hii hunywewa na kutu iliyoshikamana, huingia vishimoni, na hukauka kuwa ngumu kama kigae, isiyopitisha maji. Juu ya bati lenye vishimo lakini lisilo na tundu, ni vigumu kuipata iliyo bora kuliko hii. Udhaifu wake upo mahali pasipotarajiwa: haishiki vizuri juu ya chuma laini kinachong'aa wala juu ya rangi ya zamani ambayo haijakwaruzwa. Ukingo wake mmoja ukiinuka, huvuliwa kwa kipande kikubwa, na chini yake maji yametanda. Ndiyo maana kiraka kipya cha geji 20 husuguliwa kwa msasa na kupakwa asidi ya fosfori kabla yake, wakati bati kuukuu la jirani halihitaji kung'arishwa hivyo. Jua huichubua na kuifanya chaki, jambo lisilosumbua chini ya kapeti. Tabaka la pili hupakwa la kwanza likiwa bado linanata kidogo kwa kidole, saa chache baadaye. Likikauka kabisa, ni kusugua upya. Ikipakwa nene, hasa penye unyevu mwingi kama Mombasa, gesi ya kaboni dioksidi inayotolewa wakati wa kukauka hunaswa ndani na kuacha mapovu. Rangi iliyobaki hukauka mkebeni, na mfuniko usipowekewa karatasi ya nailoni haufunguki tena.

Epoksi ya vikebe viwili, rangi na kigumishi, ni chaguo bora kwa bati jipya na bati lililosafishwa hadi likawa tupu. Hushika chuma, hushika fila za juu, na rangi nyingine yoyote huishika. Haina msamaha kwa kipimo: uwiano wa vikebe ukikosewa, rangi hubaki laini milele. Pia haipendi baridi. Chini ya nyuzi 10 epoksi nyingi husimama kukauka, na usiku wa Julai mjini Nairobi, mwinuko ukiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari, unaweza kufika huko. Kazi ya Januari au Februari huwa salama zaidi. Rangi ya zinki nayo, ambayo sehemu kubwa ya uzito wake mkavu ni unga wa zinki, hukinga kwa kujitoa kama lilivyo tabaka la mabati, lakini zinki hiyo ni lazima iguse chuma tupu. Juu ya kutu, au juu ya epoksi, haikingi zaidi ya rangi ya kawaida.

Katika gereji ambazo kila kitu hufanyika nje, mpangilio unaotoa matokeo ya kutegemewa ni poliyurethani ya unyevu juu ya bati kuukuu lenye vishimo, na epoksi juu ya viraka na uvunguni. Kuchagua moja tu kwa gari zima ni kulazimisha dawa ya aina moja kwa maradhi mawili.

Kiasi cha rangi kinachohitajika huwashangaza wengi. Sakafu ya gari dogo ina kama mita za mraba 2, yaani 4 kwa pande zote mbili. Lita moja hufunika kati ya mita za mraba 8 na 10 kwa tabaka moja. Tabaka mbili, juu na chini, humaliza lita moja au pungufu kidogo. Gharama kubwa iko kwenye siku za kukwangua na kuchomelea, kwa hiyo kupunguza bei kwa kununua rangi hafifu huokoa sehemu ndogo kabisa ya hesabu na kuhatarisha iliyobaki.

Hali ya hewa huamua saa ya kupaka. Bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutanda, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Bila vipimo, kanuni ya mafundi inatosha: kitambaa chenye maji hupitishwa juu ya bati, na unyevu huo ukikauka ndani ya robo saa, kazi inaweza kuanza. Kwa hiyo asubuhi na mapema haifai, jioni haifai, na alasiri ya Machi wingu likiwa limekaa juu ya Ngong ni kamari. Sakafu iliyosafishwa haiachwi ilale; usiku mmoja tu huiweka rangi ya chungwa. Brashi ni bora kuliko bomba la kupulizia, kwa kuwa husukuma rangi ndani ya vishimo na malaliano. Kingo, vichwa vya bolti na mishono hupakwa kwanza peke yake, kwa sababu rangi majimaji hukimbia kwenye kingo kali na kuziacha na ngozi nyembamba. Mshono hujazwa silanti ya poliyurethani baada ya tabaka la kwanza, si kabla. Silanti iliyowekwa juu ya chuma tupu hufungia maji ndani.

Poliyurethani na vigumishi vingine vina isosianeti, kemikali ambayo inaweza kumwachia mpakaji pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Zinahitajika barakoa ya vichujio vya kaboni, glavu na upepo unaopita, na watoto wa jirani wawe mbali. Rangi ikipakwa kwa brashi hatari hupungua sana ikilinganishwa na kupulizia. Ikigusa ngozi na kukauka haitoki kwa thina, hubaki hadi ngozi yenyewe ijivue.

Uvungu huhitaji kinga ya ziada dhidi ya kokoto. Lami ndiyo iliyozoeleka, na juu ya epoksi iliyokauka ni nzuri. Ikipakwa juu ya kutu, kama inavyofanywa mara nyingi kwa gari linalopelekwa sokoni, ni uharibifu: hukauka, hupasuka, maji huingia kwenye ufa na kukosa pa kutokea. Mnunuzi anayekuta lami mbichi na laini chini ya gari la zamani ana haki ya kuikwangua kidogo kwa kucha kabla ya kuzungumza bei. Oili chafu ya injini hufukuza maji kwa miezi kadhaa, lakini hudondoka ardhini na kusombwa hadi mto Ngong, hulainisha mipira, na huifanya rangi yoyote ya baadaye ikatae kushika. Nta maalumu ya magari, inayopuliziwa ndani ya kingo za milango na ya mhimili wa katikati, hufanya kazi hiyo bila madhara hayo, na ndiyo kinga pekee inayofika ndani ya viungo vilivyofungwa ambavyo brashi haiwezi kuingia.

Kabla kapeti haijarudi, chanzo cha maji huzibwa. Mipira ya vioo hubadilishwa, matundu ya kutolea maji chini ya milango huzibuliwa kwa waya, na mipira ya kuziba matundu ya sakafu huwekwa mipya. Gari humwagiwa maji kwa mpira wa bustani dakika 10, mtu mmoja akiwa ndani ameinama na tochi, akifuata kila tone mpaka mahali linapoingilia. Kapeti hurudishwa ikiwa kavu kabisa, bila nailoni chini yake, kwa maana nailoni hunasa umande. Baada ya hapo sakafu huangaliwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa vuli, kwa kuinua pembe za kapeti miguuni pa dereva na pa abiria na kupitisha kiganja juu ya rangi. Kiganja kikitoka na unyevu, mahali pa kuanzia kutafuta ni mpira wa kioo cha mbele. Rangi ikiwa imechubuka mahali padogo, hukwaruzwa na kupakwa siku hiyohiyo kwa rangi ya aina ileile.